Sindano ya Pili

Bibi Gati Nyamhanga hakuwa mtu wa kupanga foleni. Siku alipoingia wodi ya watoto na mjukuu wake mgongoni, alimsukuma mhudumu wa mlangoni kwa kiwiko, akaketi juu ya kitanda cha kwanza alichokikuta kitupu, akatangaza kwa Kikurya kwamba hatainuka pale mpaka mtu amtazame mtoto. Mhudumu yule alikuwa Mjaluo. Katika maneno yote yale alielewa kiwiko tu. Akaenda kumwita Wegesa.

Katika hospitali ile ya misheni, upande wa Tarime, ilishakuwa desturi: Mkurya mkali akija, aitwe Wegesa. "Ndugu zako wamefika," wenzake walimwambia wakicheka, naye alijikausha kana kwamba hajasikia, lakini moyoni alipenda. Alikuwa binti wa Nyamongo, nesi wa siku nyingi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na kazi yake aliijua. Hilo lazima lisemwe mapema, maana wako watakaotaka kuamini kwamba alikuwa mzembe. Ingekuwa nafuu kubwa kama angekuwa mzembe. Hakuwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Wegesa akajitaja, akamtaja baba yake na ukoo wake. Bibi Gati akasikiliza mpaka mwisho, akaridhika, akafungua kanga na kumgeuza mtoto usoni.

Alikuwa msichana wa kama miaka saba, jina lake Matiko. Upande mmoja wa uso ulikuwa wa mtoto mzuri tu. Upande wa pili taya lilikuwa limevimba mpaka jicho limesukumwa juu, na ngozi imevutika inang'aa. Shavuni palikuwa na makovu mabichi ya chale, na kinywani mapengo mawili, kwa sababu jino la kwanza lilipolegea fundi wa kijijini aliling'oa, na la pili lilipolegea akaling'oa nalo, akapewa jogoo wake akaenda zake. Wegesa alinawa mikono, akaingiza kidole taratibu na kugusa meno yaliyobaki. Yote yalicheza kwenye fizi. Watoto wa namna ile alishawauguza, wa kando ya ziwa na wa bonde la Mto Mara, na alijua anachokitazama kabla daktari hajaitwa.

"Hili si jino, mama."

"Lingekuwa jino ningepanda lori la chumvi mpaka huku?"

Daktari Nashoni alikata kinyama kidogo akakipima, akasema ni saratani, ile inayopenda mataya ya watoto. Akasema pia jambo ambalo madaktari hawalisemi mara nyingi juu ya ugonjwa huo: kwamba hii husikia dawa kuliko saratani nyingine yoyote aijuayo. Dawa ilikuwapo. Ilikuwa ya kuchomwa kwenye mshipa.

"Mama yake yuko wapi?" Wegesa alimwuliza bibi.

"Yuko shambani. Mimi ndiye mwenye mji."

Wegesa hakuuliza zaidi, kwa sababu alishaelewa. Bibi Gati alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, ila alijaliwa ng'ombe, na kwa ng'ombe wake alikuwa ameoa mke, kama wafanyavyo wanawake wa kwao ambao nyumba zao zinataka kufa bila mrithi. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Mke yule, Agustina, alizaa kwa ajili ya nyumba ya Gati. Watoto ni wa Gati, na neno la mwisho katika mji, yaani kaya ile, ni la Gati. Tangu Operesheni ilipowahamisha kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika na kuwapanga mistari katika kijiji kipya upande wa Ringwani, kila kaya ilidaiwa mtu mwenye nguvu kwenye shamba la kijiji, na katibu wa kijiji, bwana mmoja aitwaye Hezekia, aliita majina asubuhi kama mwalimu wa zamu. Bibi kizee alisamehewa jembe. Kijana hakusamehewa. Basi mama akabaki na jembe, na mwenye mji akaja na mtoto. Si Gati wala Wegesa aliyeona kasoro yoyote hapo.

Siku za kwanza Wegesa hakuiachia kazi ile mikono mingine. Alijua kwamba dawa yenyewe ni nusu tu ya tiba. Uvimbe ule ukianza kuyeyuka huyeyuka kwa fujo, taka zake zikajaa kwenye damu na kuziba figo, na mtoto anaweza kufa kwa sababu ya kupona haraka mno. Kwa hiyo alimnywesha Matiko maji kabla ya sindano, akamnywesha baada ya sindano, akamwamsha anywe tena, na kila tone la mkojo lilipita kwenye chombo na kutazamwa rangi. Mtoto alipotapika, alifutwa akapewa tena kidogo kidogo. Kinywa kilisukutuliwa kwa maji ya chumvi. Wageni wenye mafua walifukuzwa mlangoni bila adabu, maana dawa ile inaua na askari weupe wa damu, na mafua ya mtu mzima yangeweza kumzika mtoto.

Bibi Gati alikuwa mwanafunzi mzuri. Alilalama, alitukana, lakini alishika. "Kunywa," alimwambia mjukuu, "au nikuoze kwa mzee Kisyeri mwenye kidonda." Matiko alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akanywa.

Na uvimbe ukaondoka. Yeyote ambaye hajaona jambo lile hawezi kuliamini akihadithiwa. Juma halikuisha, jicho lilikuwa limerudi mahali pake, na ile ngozi iliyovutika ilikunjamana ikalala juu ya mfupa. Kina mama wa vitanda vingine walikuja kushika shavu. Bibi Gati, ambaye hakumlilia hata mumewe mbele za watu, alijifunika kanga kichwani akalia, kisha akamshika Wegesa mkono na kuutemea mate ya baraka. Wegesa alitembea siku nzima kichwa juu. Mimi simlaumu; nani asingetembea hivyo?

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya mwisho ya nesi, ambayo ni kusema. Wegesa aliifanya kwa heshima zote. Hakumwita bibi kwa kidole mbele za watu. Alimchukua hadi kwenye benchi la nyuma ya jiko, akamletea chai, akakaa chini yake kama mtoto wa nyumbani, akasema naye kwa Kikurya safi.

"Mama, usidanganyike na shavu. Ugonjwa huu ni kama gugu la ndago. Sindano hii imekata majani, kiazi kiko chini. Mtoto lazima arudi baada ya wiki tatu achomwe ya pili, na ya tatu, mpaka zitimie sita. Ukiacha, utaota tena, na ukiota tena hautasikia dawa kama sasa."

"Ndago," alisema bibi. "Wiki tatu. Mpaka sita. Nimesikia."

"Akipata homa kabla ya hapo, usingoje. Maji anywe sana. Na nywele zitadondoka, usishtuke, zitaota."

Bibi Gati aliweka kikombe chini. "Zitadondoka zote?"

"Zote. Kama amenyolewa."

Kwao, kichwa cha mtoto kikinyolewa hivi hivi, kila apitaye njiani anajua kwamba nyumbani kumezikwa mtu. Mtoto humnyolea aliyekufa, na humnyolea wa kwake. Wegesa aliyajua hayo tangu yuko kwa mama yake, lakini kwa miaka mingi alikuwa akiishi katika nyumba za nesi, akivaa kofia nyeupe, na yalikuwa yamesogea mbali kidogo.

"Na atakuwa anamlilia nani?" bibi aliuliza.

Wegesa alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu anavyocheka na mzee anayempenda. "Hamlilii mtu, mama. Ni dawa tu."

Bibi Gati naye akacheka kidogo, akamaliza chai yake, akarudia maagizo yote tangu mwanzo bila kukosea. Wegesa alirudi wodini akiwa ameridhika kwamba ametimiza wajibu. Kesho yake waliondoka, Matiko akitembea kwa miguu yake na kuringa, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama kwa uzuri safari hii.

Wiki tatu zikapita. Kitanda kiliandaliwa, akalazwa mwingine. Wegesa alijiambia mto umejaa. Kisha alijiambia ni palizi. Daktari Nashoni, ambaye alishawaona wengi wakipotea baada ya shavu kupona, alitikisa kichwa akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Methali hiyo inapendwa sana na watu wa hospitali, kwa sababu inawaosha mikono.

Wegesa hakunawa. Alituma neno kwa dereva wa lori aliyekuwa akipeleka bidhaa kwenye duka la ushirika, amwambie katibu wa kijiji kwamba mtoto wa mji wa Gati anatakiwa hospitali. Dereva alifikisha. Katibu Hezekia alifikisha pia. Mtu anaweza kumsema Hezekia kwa mengi lakini si kwa hilo. Alikwenda hadi mlangoni, akabisha hodi, akampa ujumbe mwenye mji. Angempa nani mwingine?

Hakuja mtu. Basi gari la chanjo lilipopangwa kwenda upande wa Ringwani, Wegesa aliomba zamu ambayo haikuwa yake. Wakachanja watoto chini ya paa la bati la ofisi ya kijiji hadi adhuhuri, na walipopumzika, akauliza nyumba ya Bibi Gati. Ilikuwa ya tatu kwenye mstari wa pili. Nyumba za mstari zote zilifanana, ila hii ilikuwa na zizi kubwa kuliko ilivyoruhusiwa.

Alipokelewa kama binti aliyeolewa mbali. Kigoda kilitolewa, mkeka ukatandikwa. Kutoka nyuma ya nyumba alikuja mwanamke kijana, matope ya shamba yamemkaukia miguuni, akapiga goti kidogo akamsalimu.

"Huyu ndiye Agustina," alisema bibi. "Agustina, huyu ndiye yule sista wangu. Mkamatie mgeni kuku."

"Asante, sista," alisema Agustina. Alikuwa na macho mapana, na aliyatuliza kwa Wegesa muda mrefu kidogo kuliko adabu ilivyotaka, kama mwenye la kuongeza. Lakini alikuwa ametumwa, akaenda. Wakamsikia huko nyuma akimfukuza kuku kati ya ghala na zizi.

Matiko aliletwa. Shavu lilikuwa sawa kabisa. Kichwani nywele laini zilikuwa zinaota upya. Wegesa alimpapasa shingo, akabonyeza fizi, akabonyeza tumbo, na hakupata kitu, na kutopata huko kulimtia hofu zaidi, kwa sababu alijua huu ndio wakati wenyewe, ugonjwa ukiwa umelala na dawa ina nguvu juu yake.

"Mama, mbona hamkuja?"

"Kazi za kijiji, mwanangu. Tutakuja."

"Mimi nilikuambia nini?"

"Ndago," alisema bibi bila kumtazama. "Nimesikia. Wakimaliza kuvuna pamba nitamleta mwenyewe."

"Mtoto asingoje pamba, mama. Panda gari letu leo hii."

"Leo? Mji nimwachie nani? Mwache mtoto apumzike, ndiyo kwanza nywele zinamrudia." Halafu akasema polepole, "Zilipodondoka, watu walikuja kutoa pole. Walinikuta nimekaa hapa hapa mlangoni. Wakashangaa kunikuta."

Hapo Wegesa alitakiwa asikie. Sauti ya bibi ilikuwa imebadilika, na mtu mwenye masikio angejua kwamba mzee yule alikuwa akisema kitu kilichomnyima usingizi. Lakini Wegesa alikuwa amejaa yake. Alisisitiza, alionya, aliinua sauti kidogo kisha akaishusha, kwa sababu humgombezi mtu mzima kwenye mji wake. Bibi aliahidi. Aliapa kwa jina la marehemu mumewe. Agustina akaleta ugali na kuku, akawanawisha mikono, kwanza mgeni, kisha mwenye mji, akasimama kando na birika. Wegesa alimwomba chumvi.

Alipewa chumvi. Akala, akashiba, akaaga, akapanda gari. Njiani alimweleza dereva kwamba amesema yote, mara mbili, na kwa lugha yao wenyewe. Dereva alikubali kwamba huwezi kufanya zaidi ya hapo.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Agustina alipofika hospitali. Alikuja peke yake, bila ruhusa ya katibu, amembeba Matiko kwa kumfunga kanga mbili, kwa sababu moja haikutosha kulizunguka tumbo. Mataya yote mawili yalikuwa yamevimba. Mtoto alipumua kwa mdomo, na fizi zilikuwa zinatoka damu. Alikuwa ametembea naye hadi mtoni, akavuka, akatembea tena hadi Nyamongo, ndipo akapata lori.

Daktari Nashoni alichoma dawa ile ile. Wegesa alinywesha maji yale yale, akapima mkojo ule ule, akakaa akilitazama tumbo kama mtu anayetazama sufuria isiyotaka kuchemka. Halikuyeyuka. Lilipungua kidogo, likasimama, kisha likaendelea kukua. Wakachoma tena, na safari hiyo dawa ilishusha damu ya mtoto tu, uvimbe ikauacha.

Siku daktari aliposema hatachoma tena, Wegesa alitoka kwa hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda, akamkuta Agustina anafua vitambaa kwenye karai nyuma ya wodi, na hasira ikapata mahali.

"Kwa nini hamkumleta?" alisema, na sauti yake ya kuamrisha ilisikika hadi jikoni. "Shavu likipona mnaona yamekwisha! Nilisema! Nilituma mtu, nikaja kwenu mwenyewe, nikasema tena! Mnataka tuseme kwa mdomo gani?"

Wapishi walitoka kutazama. Agustina aliendelea kukamua kitambaa mpaka maji yakaisha, akakitandaza kwenye majani, akajifuta mikono. Hakuwa ameinua sauti tangu afike.

"Ulimwambia nani, sista?"

"Nilimwambia bibi! Mwenye mji."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba ugonjwa haujaisha. Kwamba arudi baada ya wiki tatu, mara sita, na asiporudi utaota tena."

Agustina alisimama pale pale.

"Mimi niliambiwa amepona," alisema. "Mama alirudi naye akasema hospitali wamemaliza, wamesema tusirudi. Nywele zilipodondoka nikamwuliza, akasema ni joto la dawa, nikamfunga kitambaa kichwani. Nikaenda shamba. Kila asubuhi naitika jina langu naenda shamba, nikijua mtoto wangu amepona."

"Kwa nini akufiche?"

"Nilipoona tumbo, kabla sijaja huku, nilimwuliza. Alilia. Alisema mtoto alimnyolea yeye akiwa hai, na kwamba kila sindano ingekuwa inamwita kaburini. Alisema alikuuliza wewe, mtoto atakuwa anamlilia nani, nawe ukacheka." Akavuta pumzi. "Mama ni mzee. Aliogopa kufa. Na shavu alikuwa ameliona limepona kwa macho yake. Mimi nimemwelewa mama."

Wegesa alirudi nyuma hatua moja.

"Wewe ndiye sijakuelewa," alisema Agustina. "Ulikuja kwetu. Nilisimama karibu yako na birika. Ungesema neno moja tu, 'Agustina, mlete mtoto,' ningemleta siku hiyo hiyo. Hezekia angenipiga faini, mama angenifukuza, ningemleta. Si nimemleta sasa? Nani amenituma?"

Wapishi walirudi jikoni mmoja mmoja. Wegesa alikaa kwenye ukingo wa karo la kufulia, kofia yake nyeupe ikampinda kichwani na hakuinyoosha. Alijua utetezi wake wote. Humpiti mwenye mji ukasema na mke. Hata nyumbani kwa mama yake wangemcheka nesi wa namna hiyo, wangesema hospitali imemharibia adabu. Alikuwa ameonyesha adabu, na adabu ile ilikuwa inamwua mtoto, na hakuna mahakama duniani ambayo ingemfunga kwa hilo. Alilia kwa uchungu, bila kujifunika, na Agustina hakumbembeleza.

Kisha Agustina akasema, "Haya. Sasa niambie mimi."

"Nikuambie nini?"

"Kila kitu. Kitakachotokea, na nifanye nini. Usiniachie neno."

Basi Wegesa alimwambia. Alimwambia aliyopaswa kumwambia mtu mwingine katika wakati mwingine, yale yanayobaki dawa ikishindwa. Kwamba uvimbe hautapungua tena. Kwamba maumivu yasingojwe yakomae. Yakianza kunong'ona tu, amwite, dawa ya maumivu itatolewa kabla hayajapiga kelele. Kwamba fizi zisisuguliwe kwa mswaki, zifutwe kwa pamba na maji ya chumvi, na zikitoka damu abane kwa kitambaa cha baridi bila kuachia upesi. Kwamba amgeuze taratibu ili ngozi isichubuke, na asimlaze kwa tumbo. Kwamba itafika siku mtoto hatameza, naye asimmiminie maji kinywani, yatampalia. Achovye pamba, amlowanishe midomo tu. Kwamba pumzi zitaachana, moja hapa, nyingine kule. Kwamba asiache kuzungumza naye, maana masikio hufunga mlango mwisho.

"Na akiniuliza kama atapona?"

"Mwambie uko hapo."

Agustina aliyarudia yote. Aliuliza maswali ambayo wanafunzi wa unesi hawayaulizi: kama damu ikitoka puani amwinamishe au amlaze, kama harufu ya kinywa ni ya kidonda au ya kifo, kama mtoto akikataa kuguswa amguse hivyo hivyo. Hakukosea hata kimoja. Katika miaka yake yote ya kazi Wegesa hakuwahi kupata ndugu wa mgonjwa aliyeshika maagizo namna ile, na kila jibu sahihi la Agustina lilimwingia kama mwiba, kwa sababu lilimwonyesha jinsi ambavyo zile wiki tatu zingehesabiwa vizuri.

Siku zilizofuata Matiko hakupata kidonda hata kimoja mgongoni. Kinywa chake kilikuwa safi. Maumivu yaliwahiwa. Watu wa vitanda vya jirani walisema mtoto yule anauguzwa kama mtoto wa mkuu wa wilaya. Bibi Gati alituma maziwa kwenye kibuyu kwa mtu aliyekuwa anakuja Tarime. Yeye mwenyewe hakuja, na hakuna aliyemwuliza yule mtu kwa nini.

Jumamosi jioni mtoto aliacha kumeza. Wegesa, kabla ya kwenda kulala, alipeleka kikombe cha maji na pamba mpya.

"Mlowanishe midomo hivi, kidogo kidogo. Usiache mpaka nikuambie."

"Nimesikia," alisema Agustina.

Asubuhi watu walikuwa wanakwenda kanisani wakati Wegesa alipoingia wodini. Agustina alikuwa ameketi wima kwenye ukingo wa kitanda. Alichovya pamba kwenye kikombe, akaikamua kidogo kwa vidole viwili, akaipitisha kwenye midomo ya mtoto, ya juu kisha ya chini. Akachovya tena. Wegesa aliona tangu mlangoni, kama nesi yeyote anavyoona. Hata hivyo alisogea, akaingiza mkono chini ya blanketi akashika mguu. Ulikuwa wa baridi, na goti lilikuwa limeanza kukakamaa.

"Agustina."

"Naam, sista."

"Tangu lini?"

"Tangu jogoo wa kwanza."

"Ulijua?"

"Nilijua." Akapitisha pamba, ya juu, kisha ya chini. "Ulisema nisiache mpaka uniambie."

Wodi nzima ilikuwa imeamka, ikiwatazama. Wegesa aliangalia nyuma yake, sijui alikuwa anamtafuta nani. Hapakuwa na mkubwa yeyote wa mji wa Gati pale ndani ambaye angepaswa kuambiwa kwanza. Akapiga goti sakafuni, uso wake ukawa sawa na uso wa Agustina.

"Acha sasa, mama Matiko," alisema. "Amekufa."

Agustina akaacha.